Kafupi Mlangoni pa Mama

Mimi Benita, binti ya Raphaël wa Wamaza, nasema mbele ya watu wote: sikuficha kitu. Aliyeficha ni baba mdogo Christophe, na mpaka leo nikimkumbuka na zile chikwange zake damu inanichemka, halafu nacheka, halafu inanichemka tena.

Baba yangu alikuwa muwindaji. Mwezi wa tatu alikuja kwangu Kasongo, ninakoshona nguo karibu na soko, ili abadilishe permi ya bunduki yake, maana ile karatasi ya ruhusa ilikuwa inakwisha muda. Alifika na bunduki begani. Siku ya pili akashikwa na homa, na juma halikwisha akatuacha. Maiti tuliipeleka kijijini kwetu Wamaza kwa moto, pikipiki ya kukodi, tukazika. Bunduki ilibaki chini ya kitanda changu, kwa kuwa siku zile hakuna aliyekuwa na akili ya kuikumbuka.

Ni bunduki fupi. Mtutu wake haufiki urefu wa mkono wangu, na kitako kinachomoka kwa msumari mmoja. Ukiitenganisha inaingia ndani ya kikapu cha sombe, majani ya muhogo, na hakuna atakayejua. Baba aliiita Kafupi. Alipenda ufupi wake kwa sababu ya msitu, kamba za porini hazikumnasa. Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku amelewa: hakuingia nyumbani kabla ya kuifungua. Anasimama mlangoni, anaikunja katikati, ka!, anamwonyesha mama tundu tupu, ndipo anainama kuingia.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wetu, muwindaji akifa, mjane wake anakaa ndani ya nyumba. Haendi shambani, haendi mtoni, hasuki nywele. Anatolewa siku ambayo bunduki ya mume wake inasikika mara ya mwisho mbele ya mlango. Mama yangu Émérance alikuwa amekaa miezi saba. Miezi saba, jamani! Mwanamke ambaye hata siku ya mvua kubwa hakujua kukaa bure. Wazee wakapanga siku, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Bila Kafupi mama asingetoka, na kupanda mpunga kungempita mwaka mzima.

Baba mdogo Christophe alikuja Kasongo kunisindikiza. Yeye ndiye aliyechaguliwa kupiga ule mlio wa mwisho. Alipoiona bunduki tu, akaomba kikapu.

"Ni kitu kidogo, mwana wangu. Tunaweka chini, juu sombe. Mutu gani atachakura sombe?"

"Na akichakura?"

"Tutamupa kidogo."

"Baba mudogo, mutu akikutwa na bunduki fupi chini ya sombe, huyo si muwindaji tena. Huyo iko muasi. Watatufunga sisi wawili, bunduki itapotea, na mama atazeeka ndani ya nyumba. Mimi sifichi. Nakwenda biro kuuliza."

"Kuuliza!" akasema, akashika kichwa. "Unaenda kuamsha polisi waliolala!"

Nikaenda. Mimi nikisema naenda, naenda, na baba mdogo akanifuata akinung'unika. Kwenye biro, ofisi ya serikali inayotoa permi, nilimkuta karani mmoja, Yves, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikaweka Kafupi juu ya meza, vipande viwili, na permi ya baba kando yake. Akaruka kidogo kwenye kiti, halafu akasoma.

"Mama, hii permi ni ya mutu aliyekufa. Mwenyewe akienda, nayo imekwisha. Hauwezi kutembea na hii bunduki kama yeye alivyotembea."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa. Nipe njia."

Nikamrushia maswali yangu yote, naye akayajibu moja moja bila kukasirika. Kuibeba? Inawezekana, kwa karatasi ya safari: ikiwa imetenganishwa, bila kartushi, yaani risasi, hata moja, kutoka Kasongo mpaka Wamaza, halafu iende kuwekwa kwa serikali Kabambare mpaka mrithi apate permi yake. Ufupi wake ni kosa?

"Ufupi si kosa. Kosa ni kuificha. Ukiifunga mgongoni watu waione, umebeba mali ya marehemu. Ukiitia ndani ya kikapu, umebeba shida."

Nilimgeukia baba mdogo ili aone kama amesikia. Alikuwa anaangalia dari.

"Na kuipiga mara moja, Jumamosi, kwa kumtoa mjane?"

Yves akavua miwani. "Hapana, mama. Hata mara moja. Anayepiga awe na permi yake mwenyewe, na ninyi hamuna."

Hilo liliniuma, hata alipokuwa akiniandikia karatasi ya safari. Lakini nikasema moyoni, kwanza Kafupi ifike, wazee tutaongea nao mbele. Baba mdogo naye akatikisa kichwa, akasema "Sawa, tumesikia," kwa sauti ya mtoto wa shule. Hapo ningepaswa kushtuka! Mtu yule tangu azaliwe hajakubali neno mara moja.

Watu wa moto walikataa kutubeba. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mama, wewe nakubeba, baba huyu nakubeba, ile hapana." Basi tukatembea. Siku tatu za mguu. Kafupi niliifunga juu ya mzigo wangu kwa kitambaa cheupe, mtutu huku, kitako kule, na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki shingoni. Baba mdogo alibeba chakula. Kulikuwa na chikwange nane, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, na mbili kati yake alizifunga kwa kamba ya nailoni.

"Hizi mbili usiguse. Ni za wazee wa Wamaza."

Nikamuuliza wazee wa Wamaza wana meno mangapi ya kula chikwange ya siku tatu. Hakucheka.

Njiani sikungoja mtu aulize. Kila kijiji, kabla watu hawajasimama, nilipaza sauti: "Jambo yenu! Ni ya marehemu Raphaël! Iko bule, haina kitu ndani! Karatasi iko hapa!" Siku ya kwanza baba mdogo aliona haya, akatembea hatua hamsini nyuma yangu kama hatujuani. Siku ya pili habari ilitutangulia. Wanawake walinipa maji, wazee waliomjua baba walikuja kuigusa ile bunduki, na mmoja alilia. Nilitembea kichwa juu. Nilijiona nimeishika sheria mkono mmoja na mila mkono wa pili, na hakuna kilichonizidi uzito.

Asubuhi ya siku ya tatu, Ijumaa, tukafika kwenye barieri, kamba iliyovukishwa barabara. Polisi walikuwa wawili. Mkubwa wao aliitwa Amani, mtu wa makamo mwenye sauti nzito, na uso wake ulisema hajala tangu jana.

"Wewe mama, simama hapo hapo! Weka chini!"

"Naweka, shefu. Pole pole naweka. Na karatasi hii."

Alisoma toka juu mpaka chini, midomo ikicheza. Akalinganisha namba ya kwenye chuma na namba ya kwenye karatasi. Akaupima mtutu kwa mkono wake.

"Hii iko fupi sana. Ya kazi gani bunduki fupi hivi?"

"Soma mustari wa tano, shefu. Ufupi wake wameandika."

Akasoma mstari wa tano. "Na kartushi?"

"Hata moja! Chakura, shefu. Chakura mpaka chini kabisa!"

Akachakura. Nguo zangu, sufuria, sabuni, kitenge cha mama. Mfuko wa chakula aliupapasa tu. Hakukuta kitu. Akakunja karatasi yangu vizuri, akanirudishia, akaanza kufungua kamba. Nawaambia, nilivimba kwa furaha. Nikamwona vile alivyokonda kwa njaa, na moyo wangu ukafunguka wote. Nikatia mkono kwenye mfuko wa chakula, na kwa kuwa ninampa mkubwa, nikachagua iliyofungwa vizuri zaidi, ya kamba ya nailoni.

"Benita, hapana ile..." akasema baba mdogo.

"Acha roho mbaya! Wazee watakula zingine. Shika, shefu, chakula cha njiani."

Amani akakata kamba, akafungua majani, akauma. Nikasikia *kach!* Akashika shavu. Akatema kitu kwenye kiganja, akakipangusa kwa kidole. Kartushi nyekundu, nzima, na alama ya jino lake juu yake.

Polisi wa pili alifunga tena ile kamba ya barabara, mafundo mawili.

Nilimgeukia baba mdogo. Niliyomwambia siyarudii hapa, kuna watoto wanasikiliza. Amani akafungua ile chikwange ya pili, akatoa kartushi ya pili, akaviweka vyote pamoja chini: bunduki, kartushi, karatasi yangu.

"Mulinidanganya. Vyote vinabaki. Na ninyi wawili munabaki."

Niliogopa. Nasema kweli. Nilimwona mama amekaa kwenye mkeka wake, anahesabu siku, kesho ni Jumamosi, na mimi nimefungwa kwa sababu ya unga wa muhogo. Halafu hasira ikaja, na hasira yangu, namshukuru Mungu, huwa inakuja na akili.

"Shefu, nikuulize neno moja. Mutu anayejua kartushi iko ndani ya chikwange, anaweza kumupa polisi chikwange ile akule?"

Amani aliniangalia. Akaangalia chikwange. Yule mwenzake akaanza kutetemeka mabega, akageuka upande wa msitu ili asionekane anacheka. Mwisho Amani mwenyewe akacheka, mkono kwenye shavu, "Aïe, jino langu, aïe."

"Basi ni ya nani?"

Baba mdogo alisogea mbele, kofia mikononi. "Ni yangu. Mutoto hakujua. Nilizitia mimi, wakati alikuwa anaoga. Ni za kumulilia kaka yangu. Sikutaka aende bila mulio."

Alisema hivyo na machozi yakamtoka, mwanaume mzima, hapo barabarani. Nikamhurumia, ingawa nilitaka pia kumpiga na sufuria.

"Andika, shefu," nikasema. "Karatasi yangu inasema bunduki tupu, iliyotenganishwa. Ndiyo hii. Andika kwamba umechukua kartushi mbili, na jina la mwenyewe, na kwamba mimi nimepita na bunduki bila kitu. Weka sinyatire, sahihi yako. Nitaionyesha Kabambare nikienda kuiweka."

Ilichukua muda, lakini aliandika. Baba mdogo alibaki pale kumngoja mkuu wao, atakayefika Jumatatu. Nilimwachia chikwange tatu. Kila moja niliivunja kwanza mwenyewe.

"Nani atapiga kesho?" akaniuliza.

"Hakuna atakayepiga, baba mudogo. Ulilijua toka bironi, na mimi nalijua."

Nilifika Wamaza jioni, peke yangu na Kafupi. Mama alinishika mikono kupitia mlango bila kutoka. Alikuwa amekonda.

Jumamosi kiwanja kilijaa. Mzee Octave, mkubwa wa ukoo, alisoma karatasi yangu na ile ya Amani, akazirudisha.

"Umefanya vizuri, mwana wetu. Lakini hakuna kartushi, hakuna wa kupiga. Bila mulio hatumutoi. Tutangoja mupaka mutu apate permi. Mwaka ujao."

"Mwaka ujao!" Niliruka. "Na mpunga wake je? Mutamulisha ninyi?"

Mmoja akataka kuleta bunduki yake ya kienyeji apige yeye. Octave akakataa, lazima iwe ya mume wake. Nikabishana mpaka sauti ikakauka, na kila nilipomaliza Octave alisema lile lile, pole pole, bila ubaya. Hapo ndipo mama alipoongea kutoka ndani.

"Octave, nikuulize. Ni nani aliishi na Raphaël miaka makumi tatu na nane, wewe ao mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Bunduki yake ikipigwa ilikuwa mbali, kule msituni. Mimi sikuisikia hata siku moja. Mulio wake niliousikia mimi ni mumoja tu. Benita, unganisha. Nenda mupaka njiani, halafu urudi."

Nilielewa. Nikaweka kitako kwenye mtutu, nikatia msumari. Nikatembea mpaka njiani. Watu wakanipisha. Nikarudi kwa hatua za baba, nzito, za mtu aliyechoka na msitu, nikasimama mlangoni, nikaikunja Kafupi katikati.

Ka!

Nikainua tundu mbele ya mama. Alilitazama muda mrefu, tundu tupu, mwanga ukipita toka upande wa pili. Halafu akasema vile alivyokuwa akimwambia baba kila mara, sauti ile ile, ya haraka kidogo, ya mtu ambaye chungu kiko motoni:

"Sawa. Ingia, chakula iko."

Akavuka kizingiti, akanipita, akatoka nje kwenye jua. Octave alivua kofia. "Imesikika," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamshika mama mikono miwili kumpeleka mtoni kuoga, na nilimsikia akiuliza ni nani amechukua jembe lake.

Mimi nilibaki pale mlangoni, Kafupi wazi mikononi mwangu, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.