Kura ya Timu Inayoshika Mkia

Siku Daktari wa Meno alipopendekeza kwamba mchezaji yeyote akitimiza miaka arobaini astaafishwe, Fundi Lifti alipiga ukelele uliomwamsha paka wa jirani, na paka yule, wanaomjua watakwambia, ni kiziwi.

Ligi yenyewe haikuwa na uwanja wala jasho. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kusimamia timu za mpira wa kikapu: unanunua wachezaji ambao hawakuzaliwa na mtu, unawapangia mazoezi, na Jumamosi kompyuta inachezesha mechi na kukuletea taarifa ya maandishi. Makocha walikuwa watu wazima wenye kazi zao na wajukuu zao, ambao hawajawahi kuonana. Walijuana kwa majina ya utani na kwa kejeli. Katibu wao, huyo Daktari wa Meno, alizoea kung'oa hoja za watu bila ganzi.

"Mchezaji wa miaka arobaini na nne anazuia mipira kama kijana," aliandika jukwaani. "Kompyuta inampunguzia mbio, lakini urefu haimpunguzii. Hii ni dosari, na kuna mzee mmoja ananeemeka nayo."

Mzee huyo alijijua. Akavuta kiti.

"Mimi nikiwa na hamsini na tano," alijibu, "nilipanda ghorofa kumi na mbili na mota ya lifti mgongoni. Kufika juu nikaambiwa jengo silo, nikashuka nayo. Leo unaniambia arobaini ni uzee?"

"Wiki iliyopita zilikuwa ghorofa tisa."

"Jengo limeongezwa."

Makocha wakacheka, lakini Fundi Lifti hakuwa na kicheko. Kila kocha aliruhusiwa kumpa mchezaji mmoja jina alitakalo, naye mchezaji wake wa kati alimwita Ngazi. Hilo lilikuwa jina la utani la marehemu kaka yake, aliyekuwa mrefu kiasi cha kubadilisha taa ya sebuleni bila kupanda kitu. Mchezaji akistaafishwa, anafutwa: jina, picha, vikapu vyote alivyofunga. Fundi Lifti alishamzika Ngazi mmoja. Wa pili hakuwa na moyo wa kumzika.

Kura zikapigwa, zikalingana. Hapo akajipapasa kitambi kwa raha, maana desturi ya ligi, aliyoileta yeye mwenyewe zamani ili wanyonge wajione watu, ni kwamba kura zikilingana, timu inayoshika mkia ndiyo inayoamua. Mkiani walikuwa Mikono Mitupu, ambao kocha wao hajawahi kuandika neno jukwaani. Na Fundi Lifti alikuwa amekwisha kumlainisha kwa ujumbe wa faragha. Aliwasifia walinzi wake, wale wale aliowahi kuwafananisha na milango isiyo na komeo. Alijitambulisha kuwa kocha mstaafu wa timu ya taifa. Na ili waonekane ndugu, akammwagia siri za nyumbani: "Mkabala hapa ninaye shemeji, mjane wa kaka yangu. Chai yake nyepesi, unasoma nembo iliyo chini ya kikombe. Lakini naisifia, kocha wangu. Mwanamume ni ulimi."

Mikono Mitupu hakujibu.

Mchana wa Jumamosi, siku ya uamuzi, alivuka korido kwenda kula kwa Shemeji, kama kawaida. Shemeji alikuwa akishona sare za shule, simu yake imeegemezwa kwenye cherehani, vipande vya kitambaa cha bluu vimetapakaa hadi chini ya meza.

"Karibu, bwana mkubwa. Leo hata ndevu umenyoa?"

"Leo nina kazi nzito, Shemeji." Akatoa simu, akaandika: "Kocha wangu, wakati umefika. Nategemea kura yako."

Simu ya kwenye cherehani ikalia.

Hakutilia maanani. Akaongeza: "Usiniangushe, ndugu yangu." Ikalia tena.

Akainua macho taratibu. Akaandika herufi moja tu, akaituma. Ikalia. Shemeji akakata uzi kwa meno.

"Ukimaliza kuijaribu, kuna chai," akasema. "Ile ya kusomea nembo."

Fundi Lifti, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kukatikiwa waya ndani ya lifti akaendelea kupiga mluzi, alishika ukingo wa meza. Kila alichokiandika kilimpita mbele ya macho, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na nguo.

"Wewe... wewe ndiye Mikono Mitupu?"

"Na wewe ni kocha wa timu ya taifa. Hongera. Mbona hukutuambia?"

"Tangu lini, Shemeji?"

"Tangu ulipompa mtu wako jina la mume wangu. Hukuniuliza. Ulinitangazia tu, kisha ukaomba chumvi. Nikamwambia binti yangu anifungulie timu, nami nimwone."

"Basi kumbe tuko pamoja! Kura yako ni yetu!"

Shemeji akaondoa mguu kwenye pedali. "Zile taarifa za mechi huwa unazisoma, au unatazama matokeo tu?"

Fundi Lifti hutazama matokeo tu.

"Mimi nazisoma. 'Ngazi ameshika goti. Ngazi ametolewa akichechemea. Ngazi amerudishwa uwanjani.' Amerudishwa, Shemeji. Na wewe. Kila Jumamosi. Korido ya hospitali nilimvusha nimemshika kiuno, anachechemea hivyo hivyo. Nimtazame mpaka lini?"

"Lakini watamfuta! Hatabaki hata jina!"

"Jina lake analo binti yake."

"Na timu zetu zilipokutana?"

"Niliwaambia vijana wangu wasimguse."

"Ndiyo maana unashika mkia!"

"Hapana. Mkia nashika kwa sababu mchezo wenyewe siujui."

Shemeji alishaishika simu, kidole kikiwa juu ya kura.

"Muda unakwisha. Niambie, bila mota wala ghorofa: yeye mwenyewe angesemaje?"

Fundi Lifti akafungua mdomo. Kwa kawaida pale huwa kuna hadithi inasubiri. Safari hii alimkuta kaka yake, siku za mwisho, kwenye kiti cha dirishani, akiomba asiinuliwe tena kwa ajili ya wageni, wamsalimie hapo hapo alipo.

"Angesema mumwache akae."

Shemeji akabonyeza.

Jukwaa likalipuka. Hata Daktari wa Meno, aliyekwisha kuandaa hotuba ya kushindwa, hakuamini. "Mzee," aliandika, "nani kakusaliti?"

Fundi Lifti alikwisha kulifunga jukwaa. Alikuwa akiitazama timu yake. Pale katikati palikuwa peupe, na kompyuta ilimtaka aweke mtu kabla ya mechi ya jioni. Hakuwa na mtu.

"Leo mnacheza na nani?" Shemeji akauliza, akimmiminia chai.

Akatafuta ratiba. Akaisoma. Akairudia.

"Na wewe."

Birika likabaki hewani. "Na Ngazi hayupo?"

"Hayupo."

Shemeji akaweka birika chini, akavaa miwani, akavuta kiti hadi bega kwa bega naye.

"Basi nionyeshe namna ya kuwaambia vijana wangu wakabe," akasema, "maana leo sina wa kumwonea huruma."