Kiazi Agoma Kula

Lifti za jengo lile zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa na roho mbaya. Ikipona hii, inaugua ile. Fundi aliyezitunza alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, bega moja limeinama kwa kubeba mfuko wa vifaa, na ofisi zote zilimwita Fundi Lifti kana kwamba hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Kutwa nzima alipanda na kushuka ngazi, maana lifti ikifa, wa kwanza kuikosa ni fundi wake. Jioni akifika nyumbani magoti yalimsemesha lugha isiyofaa kusikiwa na watoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja tu, binti wa shule ya msingi, jina la utani Chiriku, kwa vile tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Mama yake alikuwa ng'ambo kwa mkataba wa kazi, akimtunza mzee wa watu asiyeweza kuinuka kitandani. Tangu mama aondoke, Chiriku alikuwa amepunguza maneno kidogo kidogo, mpaka jioni nyingine sauti kubwa kuliko zote nyumbani mle ilikuwa ya friji.

Ndiyo sababu Fundi hakukataa siku ile jirani yao, mshonaji mzee aliyekwisha kustaafu, alipobisha hodi na kapu mkononi.

"Nahamia kwa mwanangu," alisema mshonaji, bado anahema. "Na mkwe wangu hataki kuona mnyama hata kwenye picha. Sasa huyu nimpeleke wapi, baba?"

Ndani ya kapu alijikunyata simbilisi wa rangi ya udongo, mviringo, hana mkia, masikio madogo yaliyojikunja kama karatasi iliyolowa. Chiriku aliinama, akamtazama kwa makini.

"Kama kiazi!" alisema, na jina likashika hapo hapo.

"Alikuwa na mwenzake, amekufa juzi juzi," mshonaji akaendelea. "Kwa hiyo ana majonzi yake, msimharakishe. Mpeni mahali pa kujificha. Nyasi kavu na maji visikosekane, na kipande cha pilipili hoho kila siku. Halafu wewe, mjukuu wangu, usimnyakue kutoka juu, atadhani ni mwewe. Kaa naye chini, mwongeleshe mpaka aizoee sauti yako. Atakuja mwenyewe."

Chiriku aliitikia "ndiyo, bibi" kwa kila sharti, macho yake hayatoki kapuni.

Waliweka kizimba pembeni mwa sebule, mbali na mlango. Fundi alikata tundu kwenye boksi la viatu ili pawe nyumba. Kiazi akaingia ndani ya boksi, na huko akaweka makao. Alitoka kula pale tu sebule ilipokuwa tupu. Akisikia kandambili zinaburuzwa, anarudi mbio, nyasi mdomoni. Kila Chiriku alipotoka shule alichuchumaa mbele ya kizimba na karoti. Alibembeleza, aliimba, alipiga miluzi. Alipochoka kubembeleza aligonga nyaya kwa kucha, na Kiazi akazidi kujibana ukutani.

"Hata huyu hanitaki," alisema siku moja, karoti imesinyaa mkononi.

Fundi alikuwa anasugua grisi kwenye kola ya sare yake. Alijua hapo palihitaji neno la baba. Akaendelea kusugua.

Jumapili iliyofuata mkewe alipiga simu. Fundi aliipokelea jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino.

"Wameniomba niongeze mwaka mmoja," mkewe alisema.

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimesema nitamuuliza mume wangu."

Fundi aliegemea sinki. Aliona vyombo vya tangu asubuhi, aliona sufuria iliyounguzwa na Chiriku akijaribu kusaidia. "Ongeza tu huo mwaka," alisema. "Tutaishi."

"Mtoto je?"

"Niachie mimi. Nitamwambia siku nzuri ikipatikana."

Mlango wa jikoni ulikuwa wa mbao nyepesi, na Chiriku alikuwa nje yake na kikombe, amefuata maji ya Kiazi. Hilo Fundi hakulijua. Alichosikia baada ya kukata simu ni mlio mwembamba, mkali kama wa breki kavu. Alipofika sebuleni, binti yake alikuwa amemtoa Kiazi ndani ya boksi kwa kumkamata mgongoni, amemkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, anamkaza. Mnyama alifurukuta, akamng'ata kidole. Chiriku akaachia. Kiazi alianguka sakafuni kwa kishindo, akatimkia chini ya kabati.

"Basi nenda!" Chiriku alimpigia kelele. "Nenda na wewe!"

Fundi alimfunga kidole kwa kitambaa. Aliisikia ile "na wewe", ikamgusa mahali, lakini alikuwa amechoka, hakuifuata.

Asubuhi, hoho ya jana ilikuwa pale pale, imekauka kingo. Nyasi hazikuguswa. Kiazi, aliyekuwa ametolewa chini ya kabati kwa ufagio na subira nyingi, alikaa ndani ya boksi manyoya yamesimama. Fundi alimpigia simu mshonaji.

"Hajala kabisa? Na choo?"

"Hata choo hakuna."

"Simbilisi asipokula, tumbo linasimama, na likisimama limemuua. Mpeleke kwa daktari leo, baba. Usiseme kesho."

Daktari wa mifugo alivaa viatu vya mpira hadi magotini, na uwanjani kwake palifungwa ndama na mbuzi wawili wenye hasira. Alipofunuliwa boksi alicheka.

"Wagonjwa wangu wa kawaida hunipiga mateke," alisema. "Huyu leo ni mgeni wa heshima."

Lakini mikono yake, mikubwa vile, ilimpapasa Kiazi ubavu kwa ubavu polepole. Mifupa ilikuwa salama. Palikuwa na mahali palipovia damu, na zaidi ya hapo, woga. "Kiumbe kama huyu woga peke yake unamfunga tumbo," alisema. Akampa Fundi dawa ya maumivu, unga wa majani wa kukorogwa na maji, na bomba la sindano lisilo na sindano. "Tia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Usimkazanie, atapaliwa. Kila baada ya saa chache, mpaka atafune mwenyewe."

Kila baada ya saa chache! Fundi aliifikiria siku yake, lifti mbili na ngazi zote zile, akaona njia ni moja tu. Akaenda kazini na boksi kwapani.

Alimweka kwenye stoo ya ghorofa ya chini, katikati ya ndoo, matambara ya deki na makopo ya rangi, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa kimya. Mara ya kwanza Kiazi alifumba meno, uji wote ukamwagikia mikono ya Fundi. Mara ya pili vivyo hivyo. Kabla ya mara ya tatu lifti ya kushoto ilikwama, na ndani yake alikuwamo mhasibu, mama mtu mzima, anapiga mlango kwa viatu na kuwaita watoto wake kwa majina.

Kama kuna kitu Fundi alikiweza, ni hicho. Alilala kifudifudi kwenye ghorofa ya juu yake, mdomo karibu na ufa wa mlango, akashusha sauti.

"Mama, mimi ndiye fundi. Niko hapa juu yako, siondoki. Lifti haianguki, imeshikwa na breki. Usibonyeze kitu. Kaa tu chini. Haya, niambie, leo asubuhi umekula nini?"

Mama akamwambia. Akamwambia na alichopika jana yake, na mpaka anamaliza, Fundi alikuwa amekwisha kuishusha lifti kwa mkono hadi kwenye mlango wa ghorofa ya chini yake.

Alirudi stoo, akakaa juu ya ndoo, magoti yanalia. Sauti ile ile ilikuwa bado mdomoni, hakuwa na nguvu ya kubadili nyingine.

"Bwana Kiazi, mimi ndiye fundi," alisema. "Niko hapa, siondoki. Hakuna anayeanguka. Umeshikwa na breki."

Alisogeza bomba. Kiazi alitikisa masharubu. Ulimi mdogo ukatokeza, ukalamba, ukarudi. Fundi aliendelea kusema, juu ya breki, juu ya nyaya za chuma zinavyosukwa, chochote kilichopita kichwani, na uji ukawa unapungua tone kwa tone. Karani mmoja alifungua mlango akitafuta ufagio, akamkuta hivyo.

"Fundi, u mzima kweli?"

"Niko na mteja," Fundi alijibu bila kugeuka.

Wakaenda hivyo. Nyumbani alimpa kabla ya kutoka na baada ya kurudi, akisinzia, bomba linamdondoka. Kiazi alianza kutafuna nyasi mwenyewe, halafu hoho, halafu akapata na sauti: Fundi akizungusha ufunguo mlangoni, mluzi mrefu unampokea kutoka pembeni mwa sebule. Fundi alijikuta anatabasamu kama bwana harusi. Lakini Chiriku akiingia na mkoba wa shule, mluzi unakatika, na boksi linammeza Kiazi.

"Anakupenda wewe," Chiriku alisema mezani.

"Amezoea harufu yangu tu, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyempa jina."

Akainuka na sahani, akaenda kumalizia chakula chumbani kwake. Fundi alibaki mezani anajiona kama mtu aliyeiba bila kujua. Alikuwa amemlisha mnyama wiki nzima, na hakukumbuka vizuri binti yake alikula nini.

Jumamosi, baada ya zamu ya asubuhi, aliamua kumaliza jambo hilo. Alitandika mkeka sebuleni, akafungua kizimba, akakaa chini kusudi amwite Chiriku wakae wote. Jua liliingia dirishani likaupasha joto mkeka. Alijinyoosha kidogo tu, kupumzisha mgongo. Hata jina la mtoto hakuwahi kulitamka, alikuwa amelala.

Kilichomwamsha ni sauti ndogo, kru, kru, kru, karibu na sikio. Alifumbua jicho moja. Chiriku alikuwa amelala ubavuni mwake, amejifunika koti lake la kazi lililonuka grisi. Hakulichukua kwa ujanja wowote. Alimkuta baba yake amelala, naye alikuwa amechoka, na koti lilikuwa karibu. Mkono wake mmoja ulikuwa umetokeza mkekani, na Kiazi alikuwa anatafuna kishikizo cha mkono wa koti. Akakiacha. Akanusa kiganja. Akapanda juu ya mkono, mguu kwa mguu, akajikunja kwenye kiwiko.

Chiriku alikuwa macho, ameyakodoa.

"Baba," alisema bila kutikisa midomo. "Mkono unakufa ganzi."

"Uache ufe."

"Sitikisiki."

"Usitikisike. Mwongeleshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mimi humweleza breki."

Chiriku alifikiri. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, sawa na ya baba yake stoo, ingawa hakuwahi kuisikia.

"Kiazi, pole kwa siku ile. Nilikukaza sana. Nilikuwa na hasira. Mama haji mwaka huu, nilisikia jikoni. Baba anajua, ila hajaniambia."

Fundi alitazama dari. Alitamani awe bado amelala.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakutafutia siku nzuri ya kukuambia. Siku nzuri haikupatikana."

"Mwaka mzima?"

"Mzima."

Chiriku alilia. Alilia bila kwikwi, bila kuinua hata bega, machozi yakimshuka pembeni na kuingia sikioni, ili mnyama asishtuke. Fundi alinyoosha mkono polepole, akaushika mguu wake, ndiko alikofika, wakakaa hivyo. Kiazi alirudia kutafuna kishikizo.

Mambo hayakunyooka yote siku ile. Kiazi aliendelea kukimbia kila mlango ulipobamizwa, na siku nyingine alimgeuzia Chiriku mgongo bila sababu. Lakini Chiriku hakugonga tena nyaya. Akitoka shule alikaa sakafuni, amevaa koti la baba, akifanya kazi za shule au asifanye kitu, na Kiazi akawa anakuja. Baadaye koti halikuhitajika.

Mama alipopiga simu tena, Chiriku aliiomba kabla ya baba yake.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" alianza, hata salamu hakuna.

Fundi alikuwa kwenye kochi akivua viatu, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Nikuulize sasa?" mama alisema.

"Sasa umeshakubali."

"Nimeshakubali, mwanangu. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

Chiriku alivuta pumzi. Halafu akaanza kumsimulia mama yake habari za daktari mwenye viatu vya mpira, za uji wa majani, za nani alimng'ata nani. Maneno yalikuwa yanapandana. Fundi aliyasikia yakienda mbali, kama yanatoka ghorofa ya juu kabisa.

"Baba yako yuko wapi?" mama aliuliza.

"Yuko hapa. Amelala, kiatu kimoja bado kiko mguuni. Nimwamshe?"

Fundi hakuwa amelala kabisa. Alingoja kusikia mkewe atasemaje.

"Mvue hicho kiatu," mama alisema, "halafu uje uendelee."