Mkojo wa Makeda

Kama kuna mtu katika Jamaika nzima ambaye hakustahili kukutwa na bangi kwenye mkojo, basi ni Makeda Tulloch, na wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa Makeda mwenyewe. Picha yake ilibandikwa kwenye kuta za viwanja kisiwa kizima, kidole juu, na chini yake maneno: "Kimbia Safi." Wenzake kambini walimwita Mchungaji. Akimwona mtu anameza kidonge cha kichwa, alimfuata mpaka chooni kumuuliza kama amesoma karatasi iliyo ndani ya boksi.

Basi Mchungaji huyo akashikwa na mafua wiki ya mashindano ya taifa. Dawa ya kikohozi ya dukani aliikataa, maana huwezi kujua wametia nini. Akampigia simu bibi yake, Bibi Effie wa Westmoreland, na bibi akapanda basi na chupa ya chai. Ilikuwa chai ya serasi, majani machungu kiasi kwamba hata ukichemsha nayo soksi, mnywaji hatagundua. Makeda aliziba pua, akanywa chupa nzima na asiulize kitu. Bibi naye hakusema kitu, kwa kuwa hakuona la kusema. Kwa mafua ya kifuani, serasi huchanganywa na bangi iliyolowekwa kwenye ramu nyeupe, ile pombe kali ya miwa. Ndiyo dawa aliyowanywesha watoto wote wa kijiji, wakiwemo wawili waliokuja kuwa polisi.

Makeda akashinda mbio za viunzi za mita mia nne, akapata nafasi ya kwenda kwenye ubingwa wa dunia, na akakojoa kwenye kichupa cha wapimaji kwa madaha, kama mtu anayetoa sadaka.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya kamati ya kesi za dawa michezoni, mjini Kingston, madaha yamemwisha. Kanuni ilikuwa rahisi. Aliyetiliwa dawa kwa siri huachiwa. Aliyekunywa bila kuuliza anafungiwa miezi mitatu, na ubingwa wa dunia ulikuwa mwezi uliofuata. Upande wake wa kulia alikaa Bibi Effie na kofia yake ya kanisani, ya zambarau, pana kuliko meza. Kushoto alikaa baba yake, Ras Jabez, nywele za kirasta zikimfika kiunoni. Kwa miaka yote Makeda aliwaambia waandishi wa habari kwamba baba yake ni mkulima wa viazi vikuu na hapendi kusafiri. Viazi alilima kweli. Kusafiri alikupenda sana, ila hakualikwa.

"Nimeshasema nimeweka mimi," alifoka Bibi Effie. "Mbona hamwandiki?"

"Mama, wewe ni mzee wa kanisa," alisema mwenyekiti, wakili mmoja aitwaye Chisholm, kwa sauti ya kubembeleza. "Tunaelewa. Mzazi humfichia mwanawe." Jicho lake likahamia kwa Ras Jabez.

"Nimfichie nini huyu? Kama bangi ingempa mtu mbio, angekuwa bingwa wa dunia! Nilimtuma chumvi Jumatatu, akaileta Jumatano!"

"Mama, kulikuwa na mvua," alisema Ras Jabez.

Makeda alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Kingston haikumsaidia.

"Mheshimiwa," alisema Ras Jabez, "naomba kuuliza. Hiyo fulana ya timu aliyovaa mwanangu, kifuani pameandikwa nini?"

Wote wakatazama. Palikuwa na jina la kampuni ya ramu.

"Ramu ilikuwa ya bwana mwenye shamba la miwa. Bangi ilikuwa ya wakata miwa. Ya bwana imepewa kifua cha mtoto, ya kwetu ikapewa jela. Walipoandika sheria hiyo, babu yangu hakuitwa kikaoni."

"Mzee, kanuni hii ni ya dunia nzima," alisema Chisholm. "Mzungu akikutwa nayo, anafungiwa vilevile."

"Sikatai. Lakini mzungu akikutwa nayo, anaulizwa amepatwa na nini. Sisi tunaulizwa tumeanza lini."

Makeda alimwonea aibu baba yake, kisha akajionea aibu mwenyewe kwa hilo. Tuseme ukweli: moyoni alikuwa upande wa Chisholm. Kanuni alizitia saini kwa kalamu yake. Kama kweli zimeoza tangu shina, basi yeye ndiye tunda zuri walilolibandika ukutani ili mti upendeze.

Chisholm alianza kukusanya karatasi zake ili atoe uamuzi. Ndipo Ras Jabez aliposimama.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilimtilia kwa siri. Mama hakujua, na mtoto hakujua."

"Ahsante kwa kusema ukweli," alisema Chisholm, na uso wake ukakunjuka. "Hapo sasa tumeelewana."

Hakuna aliyemuuliza alitia lini, wala wapi. Wiki ile Ras Jabez alikuwa Portland, upande wa pili wa kisiwa, akiuza viazi. Bibi wa kanisani walimhoji asubuhi nzima wasimwamini. Rasta walimwamini kabla hajafunga mdomo.

Makeda alikuwa ameachiwa. Angepaswa kufurahi. Lakini haraka ile ya kumwamini aliijua. Siku alipopigiwa simu kuhusu majibu ya mkojo, hakumfikiria bibi wala chupa ya chai. Alimpigia baba yake na kumpigia kelele, "Umenitilia nini?" Naye alijibu tu, "Pole, mwanangu." Kumbe katika mbio hizi za kumhukumu baba yake, kamati ilishika nafasi ya pili. Bingwa alikuwa yeye.

Angependa kusema alipata ujasiri. Hakupata. Miguu ilisimama yenyewe.

"Baba anadanganya," alisema.

"Keti chini!" walisema baba na bibi kwa pamoja.

"Hakuwepo. Nilikunywa mwenyewe chai ya bibi, na sikuuliza. Nawafuata watu mpaka chooni kuwauliza, ila mimi sikuuliza."

"Binti, unaelewa unachokisema?" aliuliza Chisholm. "Ni miezi mitatu. Huendi popote."

"Naelewa." Alimtazama baba yake, kisha akasema tena. "Naelewa."

"Na baba yako aseme uongo wa kujidhalilisha hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu alijua mtamwamini," alisema Makeda. "Alishanipima mimi kwanza, nami nilimhukumu bila kumuuliza."

Chisholm aliandika miezi mitatu. Nje, Ras Jabez alikuwa akilia waziwazi, na Makeda alisimama kando yake bila kujua kama baba analilia medali au analilia nini, wala hakuwa na uso wa kumuuliza.