Itazoea

Scholastique alinunua pikipiki yake mwanzoni mwa kiangazi, ikiwa bado na nailoni kwenye kiti, na siku hiyohiyo akausikia mlio. Asubuhi ukiiwasha ilinguruma vizuri, huna neno. Ikishapata moto, ndani kabisa ya injini kilianza kitu: kwara-kwara-kwara, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Alikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya Kajaga, nje ya mji, na makazi yake yalikuwa mtaa wa Ngagara. Kwa miaka alikuwa akifika kazini kwa basi dogo ambalo haliondoki mpaka lijae, na siku ambazo mafuta yamekosekana mjini halikuja kabisa. Uchungu wa mama haungoji basi. Ndiyo maana alijinyima, akanunua kitu kipya, si mtumba, ili asije akalala njiani.

Alirudi dukani wiki hiyohiyo. Duka lilikuwa eneo la viwanda, lenye vioo virefu na meneja kijana aitwaye Gaël, mtu wa tabasamu na manukato.

“Madame, injini ni mpya,” Gaël alimwambia. “Itazoea. We endesha tu.”

Akaendesha. Mlio haukupungua. Aliporudi tena, fundi wa duka alibadilisha oili, akakaza mnyororo, akaipangusa pikipiki kama anayeogesha mtoto. Kabla Scholastique hajafika kwake Ngagara, misumari ilikuwa imerudi kwenye kopo. Mara ya tatu Gaël hakunyanyuka kitini.

“Hii modeli ndivyo inavyolia. Ni sauti yake.”

“Mwanzo ulisema itazoea,” Scholastique alisema. “Leo unasema ni sauti yake. Sasa nani anapaswa kuzoea, mashine ao mi?”

Gaël alicheka kwa adabu, akachukua simu yake iliyokuwa hailii.

Akiwa na hasira ile, Scholastique aliipeleka mtaa wa Buyenzi kwa Shakuru, fundi ambaye nusu ya pikipiki za mtaa zilipitia mikononi mwake. Shakuru aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza huku amefumba macho.

“Kuna kitu kinagonga ndani,” alisema. “Ni kitu gani, mi sijui, na sitakudanganya. Nikifungua nitajua. Lakini nikikata huu muhuri wao, watakuambia garanti imekufa.”

“Kwa hiyo wao hawafungui, na wewe hawataki ufungue?”

“Ndivyo hivyo, dada. Na si wewe peke yako. Angalia yule.”

Alimwonyesha mwanamume aliyekuwa ameketi kwenye benchi la gereji, pikipiki yake pembeni: ileile, rangi ileile. Alikuwa Atumani, seremala wa hapohapo Buyenzi. Alikuwa ameinunua ili ampeleke mama yake, Bi Sijaona, kwa dada yake mgonjwa upande wa Kajaga. Naye aliambiwa itazoea. Waliwasha injini zao zote mbili, wakasimama wakizisikiliza, na Scholastique akajikuta karibu kulia, si kwa huzuni. Kumbe kwa wiki zote zile alikuwa akifikiri labda ni masikio yake.

Walipeana namba. Atumani alimjua mwalimu mmoja mwenye tatizo hilo, mwalimu akajua wengine, na baada ya muda wakawa kundi kwenye simu zao, wakitumiana sauti za injini. Kila aliyekwenda dukani alirudi na jibu lilelile.

Halafu ikaja siku ya Ijumaa. Scholastique alikuwa anarudi kutoka zahanati alasiri alipoona watu wamejaa kando ya barabara. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu. Atumani alikuwa amepiga magoti, goti moja limechubuka mpaka nyama nyekundu, na mbele yake Bi Sijaona ameketi kwenye mchanga, mkono wake wa kulia umepinda pasipopaswa kupinda. Injini ilikuwa imekwama ghafla katika mwendo, gurudumu la nyuma likajifunga. Lori lililokuwa nyuma yao lilikwepa kwa kuingia mtaroni.

Scholastique alifungua kitenge chake cha juu, akaufunga ule mkono kifuani kwa mama wa watu, taratibu. Bi Sijaona hakulia. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, “Alhamdulillahi, lori lilitukwepa,” akarudia na kurudia.

Duka liliiona ile pikipiki kesho yake. Gaël alisema Atumani aliendesha bila oili.

“Oili nilibadilishiwa hapa,” Atumani alisema. “Na fundi wako. Wiki iliyopita.”

“Basi uliendesha vibaya.”

Atumani aliisimulia habari hiyo kwenye kundi bila kupandisha sauti, na labda ndiyo sababu iliwachoma wote. Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa na sherehe ya kuleta rangi mpya ya pikipiki hizohizo. Walikuwa wameweka hema, muziki, vinywaji, na keki kubwa. Wageni walikuwa wakipigwa picha juu ya viti vya pikipiki.

Wenye pikipiki walifika pamoja, wakitokea mbali ili injini ziwe zimepata moto. Walijipanga mbele ya lango, wakaweka gia huru, wakaziacha zikiunguruma. Hakuna aliyepiga honi wala aliyetukana. Kwara-kwara-kwara, safu nzima, mpaka kijana wa muziki akaona aibu akazima spika zake. Wageni waligeuka. Bwana mmoja aliyekuwa amekalia pikipiki nyekundu akashuka polepole, kama amekalia kitu kilichomng'ata.

Gaël alitoka na tabasamu lake. “Wapendwa, tulishaongea. Hii ni kawaida.”

Scholastique alishuka, akaiacha yake ikiendelea kuunguruma. “Kama ni kawaida, panda yangu. Mupakie madame wako, mufike Kajaga, murudi. Sisi tutawangojea hapa.”

Mke wa Gaël, Danielle, alikuwa amesimama karibu na keki na kisu mkononi. Watu wote walimtazama. Gaël alicheka, akamgeukia kana kwamba wanashirikiana mzaha.

“Mi siendi,” Danielle alisema.

Tabasamu la Gaël lilibaki pale mdomoni, halina kazi. Ndipo Bi Sijaona, aliyekuja kwa miguu na mkono wake kwenye plasta, akapita katikati ya watu mpaka mbele yake.

“Mke wako umemuuliza, amekataa,” alisema. “Mimi mwanangu hakuniuliza, maana aliamini neno lako. Hukumuuzia chuma peke yake, baba. Neno lako pia ulimuuzia.”

Gaël aliwatazama wageni, akasema injini ya Atumani itafunguliwa hapohapo dukani Jumatatu. Yule bwana wa pikipiki nyekundu alikwishaondoka.

Jumatatu injini ya Atumani ilifunguliwa mbele ya wote, na Shakuru akaruhusiwa kusimama karibu. Kipande kinachokaza mnyororo wa ndani kilikuwa kimevunjika na kutafunwa. Gaël akaanza tena habari za kuendesha vibaya. Scholastique akamwomba atoe moja mpya stoo, ambayo haijawahi kuguswa na mtu, aiwashe. Waliingoja ipate moto. Ikaanza kutikisa misumari yake, na Gaël akaizima haraka.

“Nitawapigia wenye kiwanda,” alisema.

Kiwanda kilijibu kwamba kinachunguza. Kikaendelea kuchunguza. Atumani alipewa pikipiki nyingine badala ya iliyovunjika, kutoka stoo ileile. Aliiwasha palepale uani, akaisikiliza mpaka ilipopata moto, akaizima, akairudisha ndani kwa kuisukuma.

Scholastique alipopata habari hiyo alikwenda dukani, akaegesha yake mbele ya vioo, akaweka funguo kwenye meza ya Gaël. “Mkishaitengeneza, muniite,” alisema, akatoka kwenda kutafuta basi. Wenzake wakafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, hadi mlango wa duka ukapitika kwa ubavu tu.

Mvua za kwanza zimezikuta bado pale. Scholastique amerudi kwenye basi dogo, na juzi alifika Kajaga mtoto ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake. Mtoto ni mzima, mama pia. Lakini Scholastique alipokuwa anakitazama kitovu kilivyofungwa kwa uzi wa kushonea, hasira ilimpanda mpaka akalazimika kutoka nje kidogo avute pumzi.

Simu ikalia. Ni Gaël.

“Madame, njoo uchukue pikipiki yako. Zinaziba duka, wateja hawaingii.”

“Imepona?”

“Bado, lakini tunajaribu kuelewana na—”

“Basi iache hapo.”

Alikata simu, akanawa mikono, akarudi ndani kwa mzazi.