Mshenga wa Mistari Miwili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekuwa mshenga wa mistari miwili iliyonyooka. Ukumbi ulikuwa karatasi ya grafu, nami nilikuwa nimevaa kanzu yangu ya Idi, kwa hiyo sikuona la ajabu.

Bwana harusi aliitwa Saba-Toa-Eksi. Alianzia juu kwenye saba, na kila alipokwenda kulia hatua moja alishuka moja. Bibi harusi, Eksi-Jumlisha-Moja, alianzia chini kwenye moja, naye kila hatua alipanda moja. Kazi yangu ilikuwa kujua watakutana wapi na kumpeleka shehe huko, ndoa ifungwe.

"Fanya hima, baba," akaniambia Bi Mwanahalima, somo aliyemfunda bibi harusi. "Hawa wamenyooka. Wakishapishana leo, hawakutani tena mpaka kiama."

Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikawaendea wazee wa ukumbi, mihimili miwili. Wai alikuwa amesimama wima, mrefu, kilemba kichwani. Eksi alikuwa amejilaza sakafuni. Kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, mkubwa husalimiwa kwanza, nikaanza na aliyesimama.

"Shikamoo, mzee. Watakutana wapi?"

"Marahaba. Kwangu mimi, nne."

Nikamwinamia mwenzake.

"Kwangu, tatu," akasema Eksi. "Na salamu zako nimeona zilikoanzia."

Sikumjali. Nikambeba shehe, ambaye ni rula ya mbao, nikahesabu nne kulia, tatu juu. Tunafika, tunakuta kibanda cha kinyozi, naye ananyoa nazi.

"Harusi?" anasema kinyozi bila kuinua macho. "Hapa? Labda ya nzi."

"Ulianza kumsalimia nani?" inauliza nazi, povu mashavuni.

"Wai."

"Ndiyo maana. Eksi ndiye kaka mkubwa. Amelala kwa uzee, si kwa udogo. Huanzwa yeye: tatu kulia, kisha nne juu."

Aibu ikanishuka mpaka kwenye visigino. Natazama nyuma: mistari imeshafika mbili, imebakiza hatua moja tu.

"Kimbia, shehe," nasema.

"Rula hakimbii. Akikimbia anapinda."

Namtupa begani. Narudi moja, napanda moja, na ile moja ya kupanda imegeuka ngazi za msikiti wa mtaani kwetu, zimetoka kupigwa deki. Nateleza, nashika mwimo wa mlango, napanda tena. Bibi harusi ananiona, lakini hawezi kunisubiri. Akisimama si mstari tena.

Tunafika tatu, nne. Bi Mwanahalima amesimama mbele ya sufuria la pilau, mwiko mkononi kama askari.

"Hakuna kuonja mpaka nisikie amekubali," ananiambia.

Mistari inagusana. Shehe anakohoa, anamgeukia bwana harusi. "Je, umekubali?"

Bwana harusi anafungua kinywa, na mimi nikaamka.

Nilikaa kitandani nimenuna. Kazi yote ile, nisisikie jibu. Nilisikitika kama niliyefiwa.

Mke wangu, Mwatime, akanitazama, akasogea, akaniondolea kitu ndevuni. Ilikuwa punje ya wali, ya kahawia, ingali na joto. Akainusa.

"Bizari ya pilau," akasema. "Umekula kwa nani wewe?"

"Basi amekubali," nikasema, nikacheka mpaka kitanda kikalia.