Maziwa Yasiyopimwa

Kiburi cha mtu aliyejifunza jambo juzi, we acha tu. Sabra alikuwa nacho, tena cha kumwagika.

Alikuwa karani wa kupokea maziwa kijijini Mgwashi, kwenye kituo ambacho serikali ilikiuza, na tajiri aliyekinunua akaleta kompyuta. Kila Jumamosi alikwenda Lushoto mjini kwa mwalimu Cecilia kujifunza kuandika programu kwa lugha iitwayo Python. Aliyempeleka huko ni mama yake mdogo, Zuhura, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Zuhura alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomsomesha.

"Klasi ni kiolezo," Cecilia alifundisha, "kama karatasi ya fundi cherehani. Unakata magauni mengi kwa karatasi hiyo moja, lakini moja likichafuka, mengine hayahusiki."

Wee! Sabra hata hakungoja somo la pili. Aliandika klasi ya Mfugaji: jina, kijiji na orodha ya maonyo. Anayekutwa ametia maji kwenye maziwa anapewa onyo. Yakifika matatu, jina lake likiandikwa siku nyingine kompyuta inasema asipokelewe tena, kisha inafuta orodha. Tajiri akasifia, kituo kizima kikasifia, na binti hakushikika.

Siku moja zamu ilikuwa ya mwenzake, Ismaili. Wafugaji watatu wa mwisho kwenye foleni walikutwa na maji, kila mmoja akaandikiwa onyo lake la kwanza. Asubuhi iliyofuata zamu ikawa ya Sabra, na aliyefika kabla ya wote, kama kawaida yake, alikuwa Zuhura na ndoo yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Sabra akaandika jina. Kompyuta ikajibu: maonyo matatu, asipokelewe.

"Mimi?" Zuhura alishangaa. "Sijapewa onyo hata moja. Hebu pima."

Kipimo kilikuwa pale pale mezani. Ni kukitumbukiza kwenye maziwa na kusoma, basi. Ismaili naye anakaa ng'ambo ya barabara, angeulizwa. Lakini foleni ilikuwa inatazama, na tajiri alikuwa amesimama mlangoni.

"Kompyuta haidanganyi, mama mdogo," Sabra alisema, kwa sauti ya kusikika.

Zuhura aliinua ndoo yake akarudi nayo nyumbani, watu wote wakimwangalia. Ismaili aliposikia habari alidhani Zuhura amekutwa na maji asubuhi hiyo, kwa hiyo hakuuliza. Kijijini hakuna aliyetaka tena maziwa ya Zuhura, hata ya bure. Mwezi haukuisha, ng'ombe akaenda kwa mchinjaji.

Sabra alilia, ndiyo, lakini alilia kwa kumwonea aibu mama yake mdogo. Jamani! Machozi hayo ndiyo yanayomchoma mpaka leo.

Jumamosi moja baadaye, Cecilia akawapa zoezi: watengeneze wanafunzi wawili kutoka klasi moja, Lucian na Efrazia, wamwekee Lucian kosa, halafu wamtazame Efrazia. Wakatazama. Efrazia naye ana kosa! Darasa zima likacheka.

"Mmeiweka orodha ya makosa kwenye kiolezo chenyewe," Cecilia alieleza, "kwa hiyo ni moja kwa wote. Ni kama kumwaga maziwa ya kila mtu kwenye pipa moja, halafu unauliza nani katia maji. Kila mmoja atengenezewe orodha yake."

Sabra hakucheka. Alifungua klasi yake ya Mfugaji, akaikuta orodha ya maonyo iko kwenye kiolezo vilevile.

Alipotoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Zuhura. Zizi lilikuwa tupu na majani yameanza kuota. Akapiga magoti, akaeleza yote: kiolezo, orodha, wale watatu.

"Ulibebeshwa makosa ya watu, mama, kwa sababu tu uliwahi kufika. Kesho nitasimama mbele ya foleni niwaambie. Nisamehe."

Zuhura alimsikiliza huku akichambua maharage.

"Ya kompyuta siyajui, mwanangu," alisema. "Mimi nilikwambia upime. Mbona hukupima?"

Sabra alisema la kweli.

"Nilitaka watu waone inafanya kazi."

"Waliona," Zuhura alisema, akaendelea na maharage yake.