Hebblegarth wa Mwisho

"Na leo," kasisi alisema kwa sauti ya upole, "pamoja na ndugu yetu Arnold, tunalizika jina la Hebblegarth. Bonde hili halitalisikia tena."

Winifred Hebblegarth, dada wa marehemu, alikuwa amekaa benchi la mbele, mzima wa afya, miguu imebanwa na viatu vya msibani. Alingoja kasisi ajirekebishe. Kasisi hakujirekebisha. Alifungua kitabu cha nyimbo, na watu wa Rawdale, waliomjua Win tangu anatambaa, wakasimama wakaimba. Wengine walifuta machozi kwa ajili ya jina ambalo mwenyewe alikuwa pale pale mbele yao, na kofia nyeusi ya kuazima kichwani.

Siku ya mazishi mtu hagombi. Win alimsindikiza kaka yake hadi kaburini, kisha akaingia na wenzake kwenye ukumbi wa kijiji kula nyama baridi ya nguruwe, na keki ya matunda kwa kipande cha jibini, kama inavyopasa. Maana Win alimpenda Arnold. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mvivu wa kupindukia, na walikuwa wameishi nyumba moja maisha yao yote, hata ile miaka michache Arnold alipokuwa na mke, kabla mama wa watu hajafariki bila kuacha mtoto.

Laiti Win angeachwa anywe chai yake kwa amani, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Clement Outhwaite, mwalimu mstaafu, alikuwa ameleta ramani.

Ilikuwa ramani kubwa ya Uingereza, imebandikwa ubaoni, imechomwa pini zenye vichwa vyekundu. Kila pini ilikuwa Hebblegarth mmoja. Bwana huyu alikuwa amelifukuzia jina hilo tangu astaafu, akipekua vitabu vya simu na kuwasumbua makasisi wa watu, na sasa alikuwa amepata wasikilizaji wasioweza kuondoka kabla keki haijaisha.

"Hebble," alianza, mikono nyuma kama yuko darasani, "ni gogo la kuvukia kijito. Garth ni ua wa mifugo. Zamani sana mtu mmoja aliishi penye ua, kando ya gogo. Na kwa kuwa bonde lilijaa akina John, jirani zake wakamwita John wa Hebblegarth ili wasimchanganye na wengine. Basi, ndiyo hivyo. Ukoo mzima umetoka kwenye gogo."

Watu wakacheka. Win naye akacheka, maana gogo lenyewe analijua. Siku hizi ni daraja la mawe, na kondoo wa shamba lake, ambalo bado linaitwa Hebblegarth, hulivuka kila asubuhi.

Mwalimu akaendelea. Jina lilitulia bondeni vizazi na vizazi, halafu ufugaji ukawa hauna faida, vijana wakateremka Bradford kwenye viwanda vya sufu. Huko wengine walikufa kwa vifua, wengine wakapata watoto, na watoto wakatawanyika. Ndugu wawili walipanda meli kwenda Kanada, wakalima ngano, wakaishia kuzaa mabinti watupu. Alitamka "mabinti watupu" kama mtu anayesema mavuno yameliwa na nzige. Kisha vikaja vile Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa ukoo huo walijiandikisha pamoja, kikosi kimoja, wakafa asubuhi moja huko Ufaransa, na majina yao yamefuatana kwenye msalaba wa mawe nje ya kanisa. Kila alipomaliza habari ya mtu, alichomoa pini yake. Mwishowe ikabaki moja tu, Rawdale. Akaichomoa nayo, taratibu.

"Arnold," akasema.

Win akaweka kikombe chini.

"Pini yangu iko wapi, Clement?"

"Ah, Win." Mwalimu alitabasamu kwa huruma. "Ramani hii ni ya wale wanaoliendeleza jina."

"Arnold aliliendeleza wapi? Hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa."

Nyuma mtu alipaliwa na chai. Mwalimu akasubiri kikohozi kiishe.

"Lakini angeweza. Mwanamke jina kwake ni la kupita tu, Win. Analibeba mpaka aolewe."

"Mimi sikuolewa. Nimelibeba miaka sabini bila kulitua."

"Ndiyo shida yenyewe. Hatukujua tukuweke wapi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuuma Win zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu alikuwa amemfuta duniani huku akimwonea huruma, na bado alitarajia apokewe kwa shukrani.

Mwalimu aliona uso wa Win umekunjamana, akajaribu kuchangamsha baraza. "Hata hivyo, ukoo huu una kichekesho chake. Zamani alibaki Hannah Hebblegarth peke yake, hana kaka wala binamu. Baba yake akatangaza kwamba atakayemwoa Hannah sharti achukue jina la mke, la sivyo shamba asahau. Akajitokeza Jonas Slinger, kibarua asiye na mbele wala nyuma, akalitupa jina la baba yake bila hata kuliaga. Hebblegarth wote waliofuata, Arnold akiwamo, ni wa tumbo la Hannah."

Wanaume wakapiga meza kwa vicheko. Safari hii Win hakucheka.

"Kwa hiyo palipokuwa na shamba la kupata," alisema, "mwanamke alitosha kubeba jina. Leo ambapo jina halimpi mwanamume kitu, mwanamke hatoshi."

Mtu akapitisha sahani ya jibini.

Raymond Kilburn, jirani wa ng'ambo ya kijito, alivuta kiti akakaa karibu naye. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na kwa muda mrefu alikuwa akiyamezea mate malisho ya Win. Juma lile Arnold alipofariki alikuja nyumbani na Dennis, dalali wa mnada wa Thornby, wakamkuta Win macho yamevimba. Walimwambia kazi ya kondoo si ya mwanamke mzee peke yake. Win akawajibu wafanye waonavyo, maana wakati ule hata wangemwambia nyumba inaungua angewajibu hivyo hivyo.

"Usimsikilize Clement, dada Win," Raymond alimnong'oneza. "Oktoba kondoo wanakwenda mnadani, mimi nawachukua wote kwa bei nzuri. Halafu tunaongea habari ya malisho. Utapata kijumba mjini, chenye joto. Umechoka, dada yangu."

"Bibi yako mzaa baba aliitwa nani, Raymond?"

"Bibi? Martha Kilburn."

"Kabla hajawa Kilburn."

Raymond alitafuna keki kwa muda. "Hebblegarth, nadhani."

"Unadhani," Win alisema, akachukua kofia yake akaenda zake.

Angeweza kusamehe. Hasira za Win kwa kawaida zilikuwa za kupanda kilima na kushuka nazo zimekwisha. Lakini mwanzoni mwa Oktoba alikwenda dukani kununua majani ya chai, akakuta tangazo mlangoni: mnada wa mwisho wa kondoo wa marehemu Arnold Hebblegarth.

Alilisoma, akalirudia. Kondoo wa Arnold. Kila Machi, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti, ni nani aliyekuwa akipiga magoti mazizini, mkono umezama ndani ya kondoo mpaka kwenye kiwiko, akimgeuza mwanakondoo aliyekaa vibaya? Arnold wakati huo alikuwa amelala na chupa ya maji moto miguuni. Kazi ya Arnold ilikuwa moja tu kwa mwaka, nayo ilikuwa kuvaa koti safi na kuingia uwanjani.

Pale Thornby desturi ni kwamba muuzaji huingia mwenyewe uwanjani pamoja na kondoo wake. Dalali huita jina lake, watu hupandishana bei, na bei ikigota dalali humtazama yule aliyeitwa. Akiinamisha kichwa, wameuzwa. Akitikisa, wanarudi nyumbani na hakuna wa kunung'unika. Miaka yote Win aliwaleta kondoo mpaka langoni, akampa kaka yake bakora, akaenda kusimama nyuma ya uzio. Arnold hakujua bei ya chochote. Kabla ya kuinamisha kichwa humtupia dada yake jicho, na dada yake akigusa kitambaa chake cha kichwa, Arnold anaafiki. Bonde zima lilisifu jinsi Arnold alivyojua kuuza. Hakukuwa na sheria iliyokataza mwanamke kuingia uwanjani. Haikuhitajika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu.

Siku ya mnada mabenchi yalijaa, maana watu hupenda kuona kitu kikiisha. Raymond alikaa mstari wa kwanza. Mwalimu Clement alikaa juu, daftari magotini. Lango likafunguliwa, wakaingia majike walio bora kuliko wote, alama nyekundu mabegani, na nyuma yao akaingia Win mwenyewe na bakora mkononi. Akalifunga lango nyuma yake.

Minong'ono ilizunguka mabenchi. Dennis dalali akainama kutoka kwenye kizimba chake.

"Bi Winifred, mama, waachie vijana hao kondoo. Nenda kapate chai."

"Nimeshakunywa."

Dennis akakohoa, akapaza sauti yake ya kazi. "Haya mabwana, kondoo wa marehemu Arnold Hebblegarth..."

"Si wake."

"Samahani?"

"Arnold amekufa. Maiti haiuzi kondoo. Ita jina la mwenye kondoo."

"Lakini karatasi yangu hapa inasema..."

"Karatasi yako umeiandika wewe. Ifute."

Kicheko kikapasuka. "Ita jina, Dennis, tuna njaa," mmoja alidakia kutoka nyuma.

"Aite jina gani?" mwingine akajibu. "Si lilishazikwa? Kasisi mwenyewe alisema."

Wakacheka zaidi. Win aligeuka akawatazama benchi kwa benchi, mpaka kicheko kikawakauka.

"Kweli, kasisi alilizika," alisema. "Nikiwa nimekaa mbele yake. Mwalimu akalichomoa kwenye ramani, nikiwa nakunywa chai. Raymond hapa ameshapima malisho yangu kwa macho. Nimewazalishia kondoo nusu yenu, mkija kunigongea wenyewe mikono ikiwa imewashinda. Mlikuwa mkigonga mlango mkiita nani? Nimesimama hapa kwenye mavi ya kondoo wangu. Naitwa nani?"

Kondoo mmoja alikohoa. Wanaume wazima walitazama ncha za viatu vyao kama watoto waliokamatwa na maembe ya wizi.

"Dennis," Win alisema. "Nakuuliza wewe. Mimi siondoki, na wao hawaondoki, na wenzangu wako foleni nje na kondoo wao."

Dennis alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Kisha akaita, kwa sauti ile ile anayowaitia wote.

"Winifred Hebblegarth, wa Hebblegarth, Rawdale."

Jina likafika mpaka kwenye mabati ya paa. Miaka yote alikuwa amelisikia likiitwa mle ndani, na halikuwahi kumaanisha yeye. Hasira haikumtoka, hata kidogo, ila aliiegemea bakora.

Raymond alianza kwa bei ya juu, na wengine wakamwachia, maana ilishajulikana kwamba ni wake. Dennis alirudia bei, akaangalia kulia na kushoto. Kwa mazoea macho yake yalikimbilia kwanza kwenye uzio, kisha yakarudi uwanjani na kutua kwa Win.

"Unauza, Winifred Hebblegarth?"

Raymond alikuwa ameshasimama, anajifunga koti. Win akatikisa kichwa.

"Hauzi," Dennis akatangaza.

"Win," Raymond alisema, na utamu wote umemtoka kwenye sauti. "Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na mwanamke asiyehesabika, Raymond. Katafute alipo."

Akafungua lango, akapiga mluzi, kondoo wakamfuata. Watu wa karibu na lango walimpisha, na mmoja wao alimgusia kofia kwa heshima. Mwalimu Clement alikuwa ameteremka ngazi mbio mbio, amemkingia njia mlangoni, daftari kifuani.

"Win, mimi sikukusudia ubaya. Lakini hebu tusemezane ukweli. Wewe ukifa, jina hilo si litakufa vilevile?"

"Litakufa," Win alisema. "Nikifa mimi. Sasa toka hapo, Clement, unawatisha kondoo wa Hebblegarth."